Umeme wa upepo kutoka Pemba hadi Tanga: jinsi ya kuupitisha kwa mkondo mnyoofu

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi Unguja umeme ulipokatika Disemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Kisiwa kilikuwa kikitegemea kebo moja ya chini ya bahari iliyowekwa mwaka 1980, yenye uwezo wa megawati 45, na ilipopatwa na hitilafu hapakuwa na ya pili. Pampu za maji zilisimama, kwa hiyo tulibeba ndoo kutoka visima vya watu. Nilisomea kandili. Mama yangu alinipigia simu kutoka Pemba kunipa pole, maana kule kwetu umeme ulikuwapo: Pemba ilikuwa bado inaendeshwa na majenereta ya dizeli. Kebo ya Pemba kutoka Tanga, ya kilovolti 33 na megawati 25, ilikuja mwaka huohuo wa 2010, na kebo ya pili ya Unguja, ya megawati 100, ikafuata 2013.

Tangu kiza kile, mtu akinieleza habari za mitambo ya upepo, swali langu la kwanza si urefu wa panga. Nauliza umeme utatua wapi, kwa waya gani, na waya ukikatika ni nani atakayekaa kizani.

Sasa nafundisha umeme, na kila mwaka nawapa vijana zoezi moja. Tuseme Pemba imejengwa mitambo ya upepo ya megawati 100. Kisiwa hakiwezi kuzitumia zote, nyingi lazima zivuke bahari kwenda Tanga, karibu kilomita 80 za kebo. Zipitisheni kwa mkondo mnyoofu wa volti kubwa, ule ambao mafundi tunauita DC. Ni zoezi la darasani, si tangazo la mradi. Naandika hapa namna ninavyolifanya, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayetaka kulifuata kwa penseli na kikokotoo.

Anza pale umeme unapotua

Chukua karatasi moja. Andika megawati za kilele, urefu wa kebo kwa njia itakayopita kweli (si mstari ulionyooka kwenye ramani), na hali ya gridi pande zote mbili. Andika pia kila waya mwingine unaounganisha pande hizo. Hilo la mwisho wanafunzi hulisahau, na ndilo linalokuja kuwatoa jasho baadaye.

Upepo wenyewe pima mwaka mzima, usipunguze. Pemba tunajua kwamba kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei, kaskazi huja Disemba, na kati yake yako maleleji, wiki ambazo tanga linaning'inia. Mtu aliyepima mwezi wa Julai peke yake atajenga kebo nene kuliko haja.

Lakini usiagize mitambo kabla ya waya. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, na laini ya kuipeleka Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika 2018. Muda wote huo upepo ulipita kwenye mapanga bila kumwashia mtu taa. Ukifika Suswa utaona jambo jingine la kujifunza. Laini ya Turkana inaingia hapo kwa mkondo geu, yaani AC, kilovolti 400. Na hapohapo inaishia laini kutoka Ethiopia ya mkondo mnyoofu, kilovolti 500 chanya na 500 hasi, urefu wa kilomita 1,045. Kituo kimoja, majibu mawili. Kwa nguzo za nchi kavu mkondo mnyoofu huanza kulipa gharama zake kwenye kilomita 600 hadi 800. Chini ya bahari huanza mapema zaidi, kati ya kilomita 50 na 100. Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho?

Hesabu ya hori

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akivusha mizigo kati ya Pemba na Tanga. Nilipoanza kusoma mambo haya aliniuliza kwa nini umeme uchoke njiani ilhali waya ni shaba tupu. Nilimjibu kwa hori la Chake Chake, na mpaka leo sijapata mfano mzuri zaidi.

Maji yakijaa, yanaingia horini kutoka baharini. Kabla hayajafika kwenye gati ya juu, kule mjini, lazima kwanza yajaze vijito vyote na mizizi ya mikoko pande mbili. Yakipwa, maji yaleyale yanatoka. Yameingia na kutoka, yamechosha mlango wa hori, wala hayakubeba chombo chochote. Hori likiwa refu mno, maji yote ya bamvua yataishia mikokoni na gati ya juu haitaona hata tone.

Kebo ya baharini ndivyo ilivyo. Ina shaba katikati, kihami cha plastiki, na ala ya metali nje: hiyo ni kapasita, yaani kihifadhi cha chaji, ndefu kama njia ya Pemba na Tanga. Mkondo geu wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hujaza kapasita hiyo na kuimwaga mara mia kwa sekunde. Mkondo mnyoofu huijaza mara moja, kazi ikaisha, na kila ampea inayofuata inakwenda safari. Baba alifikiri kidogo, akasema, "Basi ni kama mkondo wa bahari kuu, unaokwenda kaskazini tu." Ndiyo, baba.

Sasa namba. Chukua kebo ya kilovolti 132 yenye kapasitansi ya mikrofaradi 0.2 kwa kilomita. Mara mbili ya pai, mara hezi 50, ni 314. Zidisha kwa kapasitansi, kisha kwa volti 132,000 mraba. Utapata kama megavari 1.1 kwa kila kilomita, hiyo ndiyo nguvu ya kujaza mikoko. Kwa kilomita 80 ni kama megavari 87.6, ambazo kwa volti hiyo, zikigawanywa kwenye nyaya tatu (gawa kwa volti mara 1.73), ni ampea 383. Tuseme kebo inabeba ampea 600 bila kuchemka kupita kiasi. Usitoe moja kwa moja, maana mikondo hii miwili imesimama kwa pembe mraba. Fanya 600 mraba toa 383 mraba, chukua kipeuo: ampea 462. Hizo ni megawati 105 tu, wakati kebo isiyo na mzigo huo ingebeba 137. Rudia kwa kilomita 100, unabaki na megawati 83 hivi. Kwenye kilomita 125 zinabaki sifuri: kebo imejaa yenyewe kwa yenyewe.

Hapa mwanafunzi makini huinua mkono. Mwalimu, megawati 105 si zinatosha? Tunataka 100. Tena tukiweka reakta, yaani koili kubwa za kufidia mkondo huo wa kujaza, kila mwisho, mzigo wa kujaza utagawanyika nusu kwa nusu, na kebo itabeba hata 130. Yuko sahihi kabisa, na siku zote namwambia hivyo mbele ya wenzake. Uingereza wameupeleka mkondo geu mbali kuliko hapo: mitambo ya Hornsea One, zaidi ya megawati 1,200, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani, na katikati ya njia wamejenga jukwaa baharini la reakta peke yake. Kwa hiyo urefu pekee haukulazimishi. Mtu akikwambia kilomita 80 lazima DC, mwombe hesabu.

Kinachoamua zoezi letu ni udhaifu wa gridi ya Pemba. Fikiria kuwasha kebo tupu yenye karibu megavari 88 upande ambao waya wake mkuu ni wa megawati 25. Volti itapanda kabla hata mtambo mmoja haujazunguka, na friji za Wete na Mkoani ndizo zitakazolipa. Tena Mlango wa Pemba si kama ule wa Unguja. Kati ya Unguja na Bara bahari ni ya kina kifupi. Kati ya Pemba na Bara kuna bonde linaloshuka mamia ya mita. Kebo ya mkondo geu yenye nyaya tatu ndani ya ala moja ni nzito, na uzito wote huo unaning'inia kwenye meli wakati wa kuishusha. Kebo mbili nyembamba za mkondo mnyoofu zinashuka kwa raha zaidi. Italia walishusha za kwenda Sardinia kwenye kina cha mita 1,600, zikaanza kazi mwaka 2011.

Chagua kigeuzi

Kila mwisho unahitaji kituo cha kugeuza mkondo. Vigeuzi viko vya aina mbili, na uchaguzi wake kwetu haumalizi dakika tano.

Cha zamani ni cha thairista, aina ya swichi ya kielektroniki. Kina nguvu, upotevu wake ni mdogo, chini ya asilimia 1 kwa kituo, na ndicho kinachobeba kazi kubwa za Afrika kama laini ya Cahora Bassa, kilomita 1,420 kutoka Msumbiji hadi Afrika Kusini. Ila thairista hajui kujizima mwenyewe. Anangoja volti ya gridi igeuke ndipo afunge. Gridi ikiwa dhaifu, anakosea kufunga, na umeme wote unaanguka. Pima hivi: chukua nguvu ya shoti ya gridi (ile ambayo gridi ingemwaga nyaya zikigusana) pale utakapounganisha, kwa megavolti-ampea, gawa kwa megawati za kituo. Ikiwa jibu ni 3 na zaidi, thairista atafanya kazi kwa amani. Chini ya 2, usimpeleke. Kwa zoezi letu tuseme upande wa Pemba una 150. Gawa kwa 100, unapata 1.5. Kwisha.

Cha pili ni cha transista, swichi ya kisasa zaidi, ambacho kinaweza kufungua na kufunga kitakapo, kwa hiyo kinatengeneza volti yake chenyewe hata pasipo gridi. Mitambo ya upepo inakihitaji hasa, kwa sababu panga haliwezi kuanza kusukuma umeme mahali pasipo volti ya kulifuata. Upotevu wake ni kama asilimia 1 kwa kituo. Ukinunua leo, utauziwa cha ngazi nyingi, ambapo mamia ya visanduku vidogo vyenye kapasita hupangwa kama vitofali kujenga wimbi la umeme. San Francisco ndiyo iliyotangulia kukitumia kibiashara, mwaka 2010, megawati 400 kwa kebo ya kilomita 85 chini ya ghuba.

Wanafunzi wangu nawasomesha habari za Gotland, kisiwa cha Sweden, kwa sababu naona ni ndugu yetu. Mwaka 1954 kilipelekewa megawati 20 kwa kebo ya baharini ya karibu kilomita 100, volti 100,000, mkondo mnyoofu, wa kwanza duniani wa kibiashara. Baadaye upepo wa kusini mwa kisiwa ukawa mwingi kuliko nyaya zao za mkondo geu zilivyoweza kubeba. Mwaka 1999 wakaweka vigeuzi vya transista, megawati 50, kebo ya kilomita 70 kutoka Näs hadi karibu na Visby, kilovolti 80 chanya na 80 hasi. Visiwa ndivyo vilivyofungua njia hii mara zote mbili, na mimi kama mtu wa kisiwani jambo hilo hunipa moyo.

Volti na unene wa waya

Tuanze na volti za Gotland: 80 chanya, 80 hasi, baina yake 160. Megawati 100 gawa kwa kilovolti 160 ni ampea 625. Chukua shaba ya milimita mraba 500, ambayo ikiwa na joto ina kama omu 0.04 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni kilomita 160, kwa hiyo omu 6.4. Ampea mraba mara omu: megawati 2.5 zinaishia kuwapasha moto samaki. Ongeza megawati moja kwa kila kituo, jumla 4.5.

Jaribu tena kwa 150 chanya na hasi. Ampea zinashuka hadi 333, na upotevu wa kebo ileile unakuwa megawati 0.7. Nafuu ni kubwa, lakini kihami kinanenepa na vigeuzi vinapanda bei. Fanya hesabu ya miaka 25 kabla ya kuamua, wala usidanganywe na bei ya siku ya kununua.

Kihami kiwe cha plastiki ya polithini iliyounganishwa. Kinakubalika hapa kwa sababu kigeuzi cha transista hugeuza mwelekeo wa umeme kwa kugeuza mkondo, huku chanya ikibaki chanya. Cha thairista hugeuza volti yenyewe, na plastiki haipendi kugeuzwa hivyo ghafla.

Njia ya kebo

Hapa weka kikokotoo chini uvae viatu vya majini. Nimeona ramani nzuri za kompyuta zenye mstari mwekundu uliopita juu ya matumbawe ambayo mvuvi yeyote wa Wesha angekuonyesha kwa kidole.

Zungumza na wavuvi kwanza, kabla ya meli ya kupima kina. Kaa nao wakati wa maji mafu, siku ambazo wengi wako nyumbani. Waulize wanatia nanga wapi, dema wanatega wapi, mchanga uko wapi na mwamba uko wapi. Ngalawa haikati kebo. Nanga ya meli kubwa inakata, na wavuvi ndio wanaojua meli hujificha wapi kusi ikichafuka. Eneo lote la magharibi ya Pemba ni hifadhi ya bahari tangu 2005, pamoja na Misali, kwa hiyo njia itapita kwenye kamati za vijiji na za serikali. Usizione kuwa kikwazo. Wao watakuwa jirani wa kebo yako miaka mingi baada ya mkandarasi kuondoka.

Penye mchanga na maji mafupi fukia mita moja au zaidi. Penye mwamba funika kwa magodoro ya zege au mabomba ya chuma cha kusubu. Pwani, pitisha kebo ndani ya tundu lililotobolewa chini ya mikoko, lianzie nchi kavu litokee chini ya usawa wa maji ya kupwa, ili mti usikatwe na wakina mama wanaookota chaza waendelee na kazi. Kule bondeni acha ilale juu ya sakafu ya bahari, maana nanga haifiki.

Kuna kishawishi cha kuokoa fedha kwa kuweka kebo moja tu na kuuacha umeme urudi kwa njia ya bahari, kupitia bamba za metali zilizozamishwa. Kitaalamu inawezekana, na Gotland ya 1954 ilifanya hivyo. Mimi nakataa. Mkondo unaorudi baharini unatafuta mabomba na nondo za gati na kuzila. Na kebo moja pweke yenye ampea 625, ikiwa kwenye maji ya mita 20 au 30, ina usumaku wa kutosha kuipotosha dira ya chombo kinachopita juu yake kwa nyuzi kadhaa. Baba alipolisikia hilo alikasirika kweli, kwani alivuka usiku miaka yote kwa dira na nyota. Weka kebo mbili, na kwenye maji mafupi zilaze pamoja: usumaku wa moja unafuta wa nyenzake.

Jambo la nchi kavu nisilolipita. Kidike, si mbali na Chake, wanalala popo wakubwa wa Pemba, ambao duniani wapo kisiwani kwetu tu. Jioni hutoka kwa makundi. Panga linaua popo. Fuatilia njia zao kwa misimu yote kabla ya kuchagua mahali pa mitambo, na ikibidi sogeza mitambo, hata kama waya utaongezeka kilomita kumi. Kilomita kumi umeshajua kuzihesabu.

Kuwasha

Mpango wa kuwasha uandike kabla ya kununua hata skrubu. Mimi nauandika hivi.

Tanga inaanza, kwa sababu ndiko kwenye gridi imara. Funga swichi ya mkondo geu ukipitia risista (vizuizi vya mkondo) za kuchajia, ili kapasita za kigeuzi zisivute mkondo kwa pupa. Zikijaa, zipite risista hizo kwa swichi ya kando. Ruhusu transista zifanye kazi, na upandishe volti ya kebo mpaka 80 chanya na hasi. Kuanzia hapo Tanga ndiye mshika volti, kazi yake moja ni kuhakikisha volti ya kebo haipandi wala kushuka. Umeme wowote unaoingia Pemba, yeye anautoa upande wake.

Kebo ikiwa hai, kigeuzi cha Pemba kinajaza kapasita zake kutoka humo. Sasa kinaanza kutengeneza mkondo geu wa hezi 50, kwa upande wa mitambo ya upepo peke yake. Usikipandishe ghafla. Kianze volti sifuri kipande taratibu huku transfoma na nyaya za shambani zikiwa zimeshaunganishwa, ndipo utakwepa ule mshituko ambao transfoma huvuta inapowashwa kwa volti kamili. Volti ikitulia, ita mitambo mstari mmoja, si yote. Sikiliza. Soma mawimbi kwenye skrini kabla ya kuita mstari wa pili.

Nasema sikiliza kwa sababu vigeuzi vinaweza kugombana. Kila mtambo wa upepo una kigeuzi chake kidogo, na kile kikubwa kinajaribu kurekebisha volti ileile wanayoirekebisha wao. Wakikosa kuelewana, inazuka mitikisiko ya masafa ya juu ambayo hakuna aliyeiagiza. BorWin1 ya Ujerumani, mradi wa kwanza duniani kuunganisha mitambo ya upepo ya baharini kwa njia hii, megawati 400 kwa kilomita 125 za bahari na 75 za nchi kavu, ilisumbuliwa na mitikisiko ya aina hiyo. Dawa ni kudai programu za udhibiti za vigeuzi vyote, vikubwa na vidogo, na kuzijaribu pamoja kwenye kompyuta ya majaribio kabla hazijapakiwa melini. Muuzaji atasema programu ni siri yake. Iandike kwenye mkataba.

Siku kitu kinapokatika

Radi ikipiga laini upande wa Tanga, volti pale inaanguka kwa muda mfupi, na Tanga hawezi kutoa umeme. Pemba hajui. Mapanga yanaendelea kusukuma megawati 100 ndani ya kebo isiyo na pa kutokea, na kapasita zinajaa kupita kiasi ndani ya milisekunde chache. Kwa hiyo jengea Tanga risista ya breki: rundo kubwa la risista linaloingia lenyewe na kuchoma umeme huo wote kuwa joto kwa sekunde moja au mbili. Gridi ikirudi, kazi inaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Isiporudi, ndipo mitambo inasimamishwa.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya mwanzo, pale nilipokwambia andika nyaya nyingine zote. Kebo ya zamani ya kilovolti 33 bado ipo, inaunganisha Pemba na Tanga kwa mkondo geu. Mitambo ikiwa imeunganishwa na gridi ya Chake, na kebo mpya ikazimika ghafla, megawati 100 zitaitafuta njia pekee iliyobaki, ya megawati 25. Kinga za kebo hiyo zitaikata, kisiwa kitabaki peke yake na umeme mwingi kuliko matumizi, hezi zitapaa, mitambo itajizima, na Pemba nzima itaingia kizani ilhali upepo unavuma. Zuia hivi: vuta waya wa fiba kutoka kituo cha kigeuzi hadi swichi za mitambo, na kigeuzi kikizimika tu, mistari ikatwe papo hapo ibaki mmoja au miwili, kiasi kinachotosha kisiwa na kebo ya zamani. Amri hiyo isipite kwa mtu wala kwa simu.

Nunua akiba ya kebo, kilomita kadhaa, pamoja na viungio viwili au vitatu vya kukarabatia, uvihifadhi kavu hapahapa. Meli ya kukarabati haikai bandari ya jirani, itatoka mbali, na ikifika isikute kiungio bado kinatengenezwa kiwandani.

Na jaribio moja ninalolidai kila mwaka kwa mwanafunzi yeyote anayetaka alama kamili. Zima Pemba yote kwenye kompyuta, kebo ya zamani pia, taa hata moja isiwake. Kisha kutoka Tanga jaza kebo mpya, amsha kigeuzi cha Pemba, kitengeneze hezi 50 kutoka kizani, na uwashe kwa mpangilio huu: pampu za maji, hospitali ya Chake, ya Wete, ya Mkoani, halafu mitaa. Kigeuzi cha thairista hakiwezi kazi hiyo, cha transista kinaweza. Akimaliza, namwambia akate na Tanga, kisiwa kibaki na upepo na betri peke yake, hezi zisiteleze nje ya mpaka kwa saa moja. Mwaka jana kijana mmoja wa Micheweni alishika dakika arobaini na moja. Alirudi wiki iliyofuata akiwa ameongeza betri na kupanga upya pampu, akafika saa nzima.